Kuchagua Injini ya Gemu na Lugha ya Programu kwa Anayeanza

Anayetaka kutengeneza gemu kwa mara ya kwanza kwa kawaida huanza kwa kuuliza lugha ipi ya programu iliyo bora, kisha huuliza ni injini ipi inayoitumia lugha hiyo, na mwisho kabisa ndipo hufikiria gemu anayoitaka na kompyuta aliyonayo. Mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Cha kuamua kwanza ni gemu yenyewe, cha pili ni mashine utakayoitengenezea pamoja na ile ambayo wachezaji wataichezea, cha tatu ni injini, na lugha hufuata injini kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na utatoa mapendekezo ya wazi pale ambapo mwandishi ana hakika nayo.

Injini ya gemu ni programu inayobeba kazi ambazo karibu kila gemu huzihitaji: kuchora picha kwenye skrini takriban mara 60 kwa sekunde, kusoma mguso wa kidole au kitufe cha kibodi, kupiga sauti, kutambua kuwa vitu viwili vimegongana, na kutoa faili linaloweza kufunguka kwenye simu, kompyuta au kivinjari. Lugha ya programu hutumika kuieleza injini mambo ambayo ni ya gemu yako peke yake, kwa mfano kwamba mchezaji akigusa sarafu apate alama 10. Inawezekana kufanya kazi bila injini kamili, na wapo waliofanikiwa sana kwa njia hiyo. Eric Barone aliandika Stardew Valley, iliyotoka mwaka 2016, kwa lugha ya C# juu ya mfumo wa XNA wa Microsoft, ambao humpa mwandishi misingi tu na kumwachia ajenge mengine mwenyewe. Hata hivyo, anayeanza akishika njia hiyo atatumia miezi akijenga vitu ambavyo injini ingempa bure siku ya kwanza, na wengi huchoka kabla ya kuona chochote kikisogea kwenye skrini.

Anza na gemu

Kabla ya kupakua chochote, andika kwa sentensi chache gemu unayoitaka: mchezaji anafanya nini, anashinda vipi, anashindwa vipi, na ataichezea wapi. Jiulize pia kama picha zake zitakuwa bapa, yaani 2D, au za kina, yaani 3D, na kama itachezwa na mtu mmoja, na watu wawili wanaopokezana simu, au na watu wengi kupitia intaneti. Majibu ya maswali hayo yanapunguza orodha ya injini kuliko makala yoyote ya kuzilinganisha.

Chukua bao la Kiswahili. Ubao una mashimo 32 katika safu nne, kete ni 64, na wachezaji ni wawili. Hakuna kinachoruka, hakuna kivuli cha kukokotoa wala mwendo wa kasi. Ugumu wote umo katika kanuni, yaani namua na mtaji, kula na kutakata, na masharti ya nyumba. Gemu ya namna hiyo inaweza kutengenezwa kwa injini yoyote ya 2D, itafunguka kwenye simu ya bei nafuu, na kuijengea Unreal Engine, injini kubwa ya 3D, ni kujitwisha mzigo usio na sababu. Linganisha na mtu anayetaka mbio za bodaboda katika mitaa ya Kariakoo kwa picha za 3D. Huyo atahitaji maumbo ya pikipiki, majengo na watu, mwanga, fizikia ya magurudumu, akili ya magari mengine barabarani, na kamera isiyomzungusha mchezaji kichwa. Wazo ni zuri, lakini si la gemu ya kwanza, na hakuna injini itakayolifanya kuwa la gemu ya kwanza.

Gemu ya watu wengi kupitia intaneti nayo iweke kando kwa sasa. Pamoja na msimbo wake (yaani maandishi ya programu) ulio mgumu, inahitaji seva inayolipiwa kila mwezi, namna ya kuzuia udanganyifu, na subira kwa wachezaji ambao mtandao wao unakatika katikati ya mchezo.

Kwa zoezi la kwanza, chagua kitu ambacho tayari unazijua kanuni zake, ili usilazimike kubuni gemu na kujifunza injini kwa wakati mmoja. Gemu ya nyoka, ambayo wengi waliijua kupitia simu za Nokia tangu ilipotoka na Nokia 6110 mwaka 1997, inafaa sana, kwa sababu ndani yake mna mwendo, mgongano, alama, mwisho wa mchezo na kuanza upya. Mambo hayo matano yakiisha, umegusa sehemu kubwa ya yale utakayoyarudia katika kila gemu nyingine. Drafti na bao vinafuata vizuri baada ya nyoka, kwa kuwa vinakulazimisha kufikiri kuhusu zamu za wachezaji na kanuni ndefu.

Kompyuta uliyonayo

Miongozo mingi hudhani kwamba msomaji ana kompyuta mpya na intaneti isiyo na kikomo. Hapa kwetu swali la mashine ndilo mara nyingi linaloamua, na si aibu kulitanguliza. Lual Mayen, aliyekulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda baada ya familia yake kukimbia vita Sudan Kusini, alijifunzia kazi hii kwenye kompyuta ambayo mama yake aliidundulizia fedha, na mwaka 2018 akatambuliwa katika tuzo za The Game Awards huko Marekani. Mashine ndogo haikuzuii kutengeneza gemu, ila inakuzuia kutumia baadhi ya injini.

Nyaraka za Unreal Engine 5 zinapendekeza kompyuta yenye RAM ya GB 32 na kadi ya michoro yenye kumbukumbu ya GB 8, na kuipakua kunakula makumi ya GB. Kwa mwenye laptopu ya mtumba na bando la wiki, mjadala umeishia hapo. Kihariri cha injini ya Unity, yaani programu unayoifungua kutengenezea gemu, pamoja na vifaa vyake vya kutolea gemu za Android huchukua GB kadhaa. Kinafunguka kwenye RAM ya GB 8, lakini ukifungua pia kivinjari na programu ya kuandikia msimbo utaanza kusubiri, na GB 16 ndizo zinazoleta raha. Godot, injini nitakayoipendekeza hapa chini, ni faili moja lisilofika MB 200, halihitaji kusakinishwa, na unaweza kulibeba kwenye flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Gharama yake iliyojificha ni violezo vya kutolea gemu, ambavyo hupakuliwa kando na hufikia takriban GB 1, pamoja na JDK 17 na Android SDK (vifaa vya kutengenezea programu za Java na za Android) iwapo unalenga simu za Android. Panga bando la siku hiyo mapema.

Kuna jambo moja la kiufundi linalowakatisha tamaa wenye kompyuta za zamani. Unapofungua mradi mpya katika Godot 4, utaulizwa uchague mfumo wa uchoraji, na chaguo la kwanza, Forward+, hutegemea teknolojia mpya za uchoraji kama Vulkan, ambazo kadi nyingi za zamani haziziwezi. Mtu huona skrini nyeusi au programu ikijifunga, akahitimisha kwamba injini ni mbovu. Chagua Compatibility, mfumo unaotumia teknolojia ya zamani zaidi ya OpenGL 3.3. Unatosha kabisa kwa gemu za 2D, na ndio unaotumika pia unapotoa gemu ya kuchezwa kwenye kivinjari.

Umeme na intaneti navyo vina nafasi katika uamuzi huu. Unity inahitaji akaunti na leseni inayothibitishwa kupitia mtandao, ilhali Godot haina akaunti wala leseni ya kuwasha. Ukibonyeza F1 ndani ya kihariri cha Godot kwenye Windows au Linux, unapata maelezo ya vipengele vyote vya msimbo bila intaneti, na nyaraka zake nyingine zinaweza kupakuliwa zikasomwa baadaye. Asiye na kompyuta kabisa anaweza hata kupata kihariri cha Godot kwenye Android, ingawa bila kibodi ya kuunganisha kazi hiyo ni ya mateso, na siipendekezi isipokuwa hakuna njia nyingine.

Injini zenyewe

Pendekezo langu kwa wengi wanaoanza ni Godot. Ilianzishwa na Juan Linietsky na Ariel Manzur nchini Argentina, ikawekwa wazi kwa umma mwaka 2014 chini ya leseni ya MIT, ambayo maana yake kwa vitendo ni kwamba unaweza kuitumia, kuibadilisha na kuuza gemu uliyotengenezea bila kumlipa mtu yeyote mrabaha. Toleo la 4.0 lilitoka Machi 2023. Kila kitu ndani yake ni nodi: picha ni nodi, sauti ni nodi, eneo la mgongano ni nodi, na ukizipanga pamoja unapata tukio (kwa Kiingereza scene) unaloweza kulitumia tena mahali popote katika gemu. Anayeanza hulielewa jambo hilo haraka, hasa katika 2D, ambako Godot imekomaa. Katika 3D inaendelea vizuri, lakini haijafikia Unreal kwa uzuri wa picha. Udhaifu wake mwingine ni kwamba gemu za mashine maalumu za kuchezea kama PlayStation hazitolewi moja kwa moja kutoka kwenye kihariri, na inabidi kupitia kampuni zinazofanya kazi hiyo. Hilo, hata hivyo, si tatizo la mtu ambaye bado hajamaliza nyoka.

Unity ilitoka mwaka 2005, na kwa miaka mingi imekuwa chaguo la kwanza la watengenezaji wadogo, hasa wa gemu za simu. Hollow Knight ya mwaka 2017 ilitengenezwa kwayo. Nguvu yake kubwa kwa anayeanza ni wingi wa mafunzo, majibu ya maswali, na vifaa vya kununua au kupata bure katika duka lake, na ukitaka kuajiriwa katika kampuni ya gemu, ujuzi wa Unity na C# unatajwa katika matangazo mengi ya kazi. Leseni yake ya bure, Unity Personal, ni ya mtu au kampuni ambayo mapato na ufadhili wake wa miezi 12 havijafika dola 200,000 za Marekani.

Ni lazima kueleza kilichotokea mwaka 2023, kwa sababu kiliwafundisha wengi kusoma leseni. Tarehe 12 Septemba mwaka huo Unity ilitangaza ada ambayo ingetozwa kulingana na idadi ya mara ambazo gemu imesakinishwa, baada ya kupita viwango fulani, na gemu zilizokwisha kutoka nazo zingehusika. Watengenezaji walipinga kwa nguvu, kampuni ikaomba radhi na kulegeza masharti siku kumi baadaye, na Septemba 2024 ikaifuta ada hiyo kabisa. Katikati ya sakata hilo wapo waliohama. Mega Crit, waliokuwa wakitengeneza Slay the Spire 2 kwa Unity, waliihamishia Godot. Sidhani kwamba anayeanza ana sababu ya kuikwepa Unity kwa ajili ya tukio hilo pekee, kwa kuwa ada yenyewe isingemgusa, lakini anapaswa kuelewa tofauti ya injini inayomilikiwa na kampuni inayoweza kubadili masharti na injini ambayo msimbo wake uko mikononi mwa umma.

Unreal Engine ya kampuni ya Epic Games ilianza na gemu ya Unreal mwaka 1998. Ni injini ya 3D yenye picha za hali ya juu, inatumiwa na makampuni makubwa, ni ya bure kuanzia, na hudai mrabaha wa asilimia 5 pale tu mapato ya gemu yanapovuka dola 1,000,000. Lugha yake ni C++, na pembeni yake kuna Blueprint, njia ya kuunganisha visanduku kwa mistari badala ya kuandika msimbo. Mwenye kompyuta yenye nguvu na shauku ya 3D anaweza kuanza na Blueprint bila kugusa C++ kwa muda mrefu. Wengine wasubiri.

GameMaker inafaa kutajwa kwa wapenzi wa 2D: Undertale ya mwaka 2015 ilitoka humo, lugha yake ya GML ni nyepesi, na tangu Novemba 2023 ni ya bure kwa kazi zisizo za biashara. Kwa hadithi za kusoma na kuchagua njia, Ren'Py itakufikisha mapema kuliko injini yoyote ya jumla, na inatumia Python. Mwandishi mwenye hadithi nzuri na mchoraji mmoja anaweza kumaliza kazi ya maana bila kujua fizikia ya gemu ni nini. Mtoto wa shule ya msingi mpe Scratch, iliyobuniwa katika chuo cha MIT na kutolewa mwaka 2007, ambako msimbo ni vipande vya rangi vinavyopachikwa pamoja. Anayependa kuandika kila kitu mwenyewe atafurahia LÖVE, inayotumia Lua, na asidhani kwamba ni ya mazoezi tu: Balatro ya mwaka 2024 imetengenezwa kwayo.

Lugha

Ukishachagua injini, lugha kwa kiasi kikubwa imekwisha kuchaguliwa: GDScript kwa Godot, C# kwa Unity, C++ au Blueprint kwa Unreal. Hofu ya kuchagua lugha isiyo sahihi haina msingi mkubwa, kwa sababu mambo ya msingi, yaani vigeu (majina yanayoshika thamani), masharti, vitanzi (sehemu za msimbo zinazojirudia), orodha na funksheni (vipande vya msimbo vilivyopewa jina), ni yale yale kila mahali. Tazama namna ya kusambaza kete za bao katika mashimo 16 ya upande wa mchezaji mmoja. Katika GDScript ingekuwa hivi:

var kete = mashimo[shimo]
mashimo[shimo] = 0
while kete > 0:
    shimo = (shimo + 1) % 16
    mashimo[shimo] += 1
    kete -= 1

Na katika C# ni hivi:

int kete = mashimo[shimo];
mashimo[shimo] = 0;
while (kete > 0)
{
    shimo = (shimo + 1) % 16;
    mashimo[shimo] += 1;
    kete -= 1;
}

Fikra ni moja: chota kete zote shimoni, kisha dondosha moja moja ukizunguka, na alama ya % inahakikisha kwamba baada ya shimo la 15 unarudi kwenye 0, kwa kuwa hapa mashimo yanahesabiwa kuanzia 0. Tofauti ni kwamba GDScript hutumia nafasi za mwanzo wa mstari kuonyesha kilichomo ndani ya kitanzi, ilhali C# hutumia mabano na nuktamkato, na hutaka useme mapema kwamba kete ni namba kamili. Ukiondoa neno var katika mfano wa kwanza, unabaki na Python halali. Kwa hiyo aliyejifunza Python shuleni hapotezi kitu akienda Godot, na aliyejifunza Java chuoni atakuta C# inafanana sana na alichozoea. Huyo wa Java akipenda kubaki na lugha yake, ipo libGDX, iliyotumika katika Slay the Spire ya kwanza.

Je, ujifunze lugha kwanza peke yake, kisha uje kwenye injini? Wapo walimu wanaoshikilia hivyo. Mimi naona wiki mbili au tatu za misingi zinatosha, kwa sababu anayesubiri mpaka amalize kozi nzima mara nyingi hafiki kwenye gemu, na kitanzi kinaeleweka vizuri zaidi kinapodondosha kete kwenye skrini kuliko kinapochapisha namba 1 hadi 10. Jambo la kukwepa ni kuanza na C++ kwa kuamini kuwa ndiyo lugha ya wataalamu. Ni kweli kwamba injini nyingi zimeandikwa kwa C++, Godot ikiwemo, lakini usimamizi wa kumbukumbu na ujumbe wake mrefu wa hitilafu humwondoa anayeanza kwenye gemu na kumtumbukiza kwenye matatizo ya lugha.

Godot pia ina toleo linalokubali C#, na wengi huuliza kwa nini wasianze hapo ili wapate lugha yenye soko pana. Jibu ni kwamba mafunzo mengi ya Godot yameandikwa kwa GDScript, na katika Godot 4 miradi ya C# bado haiwezi kutolewa kwa ajili ya kivinjari. Ukitaka C#, Unity ndiyo nyumbani kwake.

Angalizo dogo kwa wanaoandika gemu kwa Kiswahili: herufi zetu hazina shida kwenye fonti yoyote, lakini maneno kama ng'ombe na ng'ambo yana ritifaa, na ukiyazungushia alama moja moja za kunukuu, lugha itadhani maandishi yameishia kwenye ng. Tumia alama mbili za kunukuu kwa maandishi yote ya Kiswahili, na utajiepusha na hitilafu ambazo mafunzo ya kigeni hayazitaji.

Jaribu kabla ya kuamua

Ukibaki na injini mbili zinazokufaa na kompyuta yako inaziweza zote, usiendelee kusoma ulinganisho. Zipe kazi moja. Tengeneza kisanduku kinachosogea kwa vitufe vinne, weka kitu cha kuokota, ongeza alama kinapookotwa, piga sauti, kisha toa faili na ulifungue kwenye simu yako. Jitengee siku mbili za mapumziko kwa kila injini. Hatua ya mwisho, ya kutoa faili, ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayofichua matatizo ya JDK, ya nafasi ya diski, na ya vitufe visivyokuwepo kwenye skrini ya kugusa.

Unapofanya jaribio hilo, angalia mambo ambayo hayamo kwenye majedwali ya ulinganisho. Ulipokosea, je, injini ilikuonyesha mstari wenye kosa kwa maneno yanayoeleweka? Ulipobadilisha namba moja na kubonyeza kitufe cha kucheza, ulisubiri sekunde mbili au dakika nzima? Ulipokwama, ulipata jibu linalohusu toleo ulilonalo? Kusubiri kidogo kila unapojaribu huonekana jambo dogo siku ya kwanza, lakini katika jioni moja ya kazi unajaribu gemu mara nyingi mno, na subira hiyo ndiyo inayoamua kama utarudi kesho.

Suala la toleo lina uzito wa pekee kwa Godot. Mafunzo mengi yaliyomo mtandaoni ni ya Godot 3, na majina yalibadilika katika toleo la 4: nodi iliyokuwa ikiitwa KinematicBody2D sasa ni CharacterBody2D, na funksheni ya move_and_slide haipokei tena kasi ndani ya mabano, kwa kuwa kasi sasa huwekwa kwanza kwenye kigeu cha velocity. Anayenakili somo la zamani kwenye toleo jipya hupata mistari myekundu na kudhani kwamba hana akili ya programu. Angalia tarehe na namba ya toleo kabla ya kuanza somo lolote, na baada ya kuanza mradi usipandishe toleo katikati bila sababu.

Ukishaamua, kaa na injini hiyo mpaka umalize gemu mbili au tatu ndogo. Kuhama kila unapokwama ni kurudi mwanzo kila mara, kwani kila injini itakukwamisha mahali fulani. Sababu halali za kuhama ni chache: gemu yako mpya inahitaji kitu ambacho injini haina, umepata kazi inayotumia injini nyingine, au masharti ya leseni yamebadilika kwa namna inayokuumiza. Tangu siku ya kwanza tumia programu ya Git kuhifadhi kila hatua ya mabadiliko, au angalau weka nakala ya folda ya mradi kwenye flashi kila jioni, kwa sababu umeme ukikatika wakati wa kuhifadhi unaweza kuharibu faili.

Mahali pa kuitoa gemu ya kwanza

Tovuti ya itch.io hukuruhusu kuweka gemu bure, ikachezwa moja kwa moja kwenye kivinjari, na kwa gemu ya kwanza hapo ndipo pazuri: unatuma kiungo kwenye kundi la WhatsApp na marafiki wanacheza bila kusakinisha chochote. Google Play hutoza dola 25 mara moja tu kwa kufungua akaunti ya mtengenezaji, lakini akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zinatakiwa kwanza kuwa na wajaribu wasiopungua 12 watakaobaki kwenye jaribio kwa siku 14 mfululizo, kwa hiyo anza kuwatafuta watu hao kabla gemu haijaisha. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, hutoza dola 100 kwa kila gemu. Gemu za iPhone zinahitaji kompyuta ya Mac pamoja na ada ya dola 99 kila mwaka, na kwa kuwa wachezaji wengi wa ukanda wetu wanatumia Android, gharama hiyo iache mpaka gemu fulani ianze kuilipia.